Kutoka Wodini Hadi Ofisi ya Mganga Mkuu: Majibu kwa Madaktari Walioandika

Barua za safari hii zimetoka kwa madaktari pekee, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu anatibu, anafundisha, kisha anaitwa kuongoza afya ya wilaya au nchi, afanyeje ili kimoja kisiue kingine? Tumechagua tano. Ya Mganga Mkuu mpya tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu kosa la ofisi ile hugusa watu wengi kwa siku moja.

Shikamooni. Mimi ni daktari tarajali hapa Mbeya, nakaribia kumaliza mwaka wangu. Napenda wodi ya magonjwa ya ndani, lakini kuzuia magonjwa ndiko kunakonivuta zaidi. Wenzangu wanasema nichukue MPH (uzamili wa afya ya jamii) upesi kwa kuwa ni fupi. Nianze na ipi?

Marahaba, daktari. Kwanza tofautisha njia zenyewe, maana watu huzichanganya. MMed, yaani uzamili wa tiba, ya magonjwa ya ndani ni miaka mitatu hospitalini, pamoja na tasnifu. Ukitoka hapo wewe ni daktari bingwa na unaweza kuajiriwa kufundisha katika idara ya tiba. MPH ni fupi zaidi na inakupa epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea), takwimu na uongozi wa huduma, lakini haikufanyi bingwa wa kutibu. Katikati yake ipo MMed ya afya ya jamii, ambayo nayo ni ubingwa. Njia ya nne ni mafunzo ya epidemiolojia kazini, TFELTP, yaliyoanza nchini mwaka 2008. Ni miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo uko nje ya darasa, kwenye milipuko na mifumo ya ufuatiliaji.

Ushauri wetu kwa mtu anayependa vyote viwili: pata usajili kamili, fanya kazi hospitali ya wilaya miaka miwili, ingia MMed, kisha MPH au TFELTP. Tumeona wengi wakigeuza mpangilio huo. Anachukua MPH akiwa na miaka 27, anaajiriwa kwenye mradi wa muda, mradi unafungwa, naye akiwa na miaka 34 anaanza MMed chini ya watu aliowahi kuwafundisha utarajali. Si aibu, ila ni miaka imekwenda. Na ukiajiriwa serikalini usikurupuke kuomba chuo: subiri uthibitishwe kazini kwanza, kisha omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Anayeondoka bila barua hiyo hujiweka kwenye hatari ya kusimamishiwa mshahara akiwa mwaka wa pili wa masomo.

Ukifika kwenye tasnifu ya MMed, chagua swali linalogusa wodi na jamii kwa pamoja. Badala ya kuandika juu ya ugonjwa adimu uliouona mara nne, fuatilia wagonjwa wa shinikizo la damu walioacha kliniki: waliacha mwezi wa ngapi, walikaa umbali gani, dawa gani ilikuwa imekwisha siku waliyokuja mara ya mwisho. Tasnifu hiyo itakufaa mbele ya jopo la mabingwa leo, na mbele ya timu ya afya ya mkoa miaka kumi ijayo.

Njia zote mbili zimefikisha watu mbali. Marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, aliyechaguliwa Agosti 2024 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika na akafariki Novemba mwaka huohuo kabla ya kuingia ofisini, alikuwa na MMed ya mikrobiolojia na kinga ya mwili, kisha MPH. Profesa Mohamed Janabi, aliyechaguliwa Mei 2025 kushika nafasi hiyo, ni bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili.

Mimi ni mhadhiri katika chuo cha tiba Kanda ya Ziwa, mwaka wa nne sasa. Nina raundi ya wodi, kliniki mbili, zamu na wanafunzi. Sijapanda cheo kwa sababu sina machapisho ya kutosha. Nafanyaje?

Daktari, shida yako si uvivu. Kazi yako yote ya siku hupotea bila kuandikwa kwa namna inayoweza kuhesabiwa. Usitafute mada mpya nje ya wodi. Chukua ugonjwa mmoja unaouona kila wiki, ufungulie daftari la kudumu lenye vitu visivyozidi 20 kwa kila mgonjwa, na umpe mwanafunzi mmoja wa MMed jukumu la kulihakiki kila Ijumaa. Vitu 60 havitajazwa. Baada ya miezi miwili safu za mwisho zitakuwa tupu, na kazi yote imeharibika.

Kibali cha maadili kiombwe kabla ya kufungua faili la kwanza, hata kama ni mafaili ya zamani. Jarida zuri haliwezi kupokea kibali kilichotolewa baada ya data kukusanywa. Kazi ya chuo hupita kwenye kamati ya chuo. Ikihusisha washirika wa nje au kusafirisha sampuli, ngazi ya taifa, yaani NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, inahusika. Zanzibar ina kamati yake.

Sasa idadi ya wagonjwa, mahali tasnifu nyingi zinapochechemea. Tuseme unatarajia asilimia 12 wapate tatizo unalolichunguza, na unataka usahihi wa asilimia 5 juu na chini. Hesabu ni 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kwa kipeo cha pili, mara 0.12, mara 0.88, gawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili: unapata 163. Ukijua asilimia 15 ya mafaili hayapatikani, usizidishe 163 kwa 1.15. Hiyo inakupa 188, na ukitoa asilimia 15 hapo unabaki na 160 tu. Gawanya 163 kwa 0.85: unapata 192. Halafu kumbuka kwamba asilimia 12 ya watu 163 ni wagonjwa kama 20 wenye tatizo. Kwa kanuni ya kawaida ya matukio 10 kwa kila kigezo (kama umri au jinsia), una nafasi ya vigezo viwili katika uchambuzi wa pamoja. Mtu anaingiza vigezo 11, anapata vinyota vya kupendeza kwenye jedwali, na mhakiki wa jarida anamrudishia kwa sentensi moja.

Jarida pia lichague kwa macho mawili. Likikuahidi jibu ndani ya siku tatu, likakuita "mtukufu profesa" na kukutaka ulipe kabla hata ya uhakiki, liache. Uliza maktaba ya chuo, tazama kama limo PubMed (hazina ya makala za tiba mtandaoni) au kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure, na soma makala mbili za mwaka huu uone kama unaziamini. Kamati za kupandisha vyeo huhesabu makala zilizochapishwa, si zilizotumwa, na kutoka kutuma hadi kuchapishwa ni miezi mingi. Kwa hiyo makala ya kukupandisha mwaka kesho kutwa inatakiwa iwe mezani sasa.

Muda nao uombe kwa barua: nusu siku mbili kwa wiki, zikiwa kwenye ratiba ya idara, zimesainiwa na mkuu wa idara. Muda usioandikwa kwenye ratiba utaliwa na zamu.

Nimekuwa wodini miaka tisa na sasa nimeteuliwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Sina uzoefu wa ofisi. Siku 90 za mwanzo nifanye nini?

Hongera, daktari, na usikae ofisini.

Lililo kubwa kuliko yote kwa mtu anayetoka wodini ni kwamba wewe si afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha. Mwenye dhamana hiyo ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Wodini ukiandika dawa kwenye faili, muuguzi anaichoma. Huku ukiandika "inunuliwe", haitanunuliwa mpaka iwe kwenye bajeti, iwe na fungu, na ipite kwenye manunuzi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na jambo lisilo ndani ya Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri litasubiri au litakula fungu la jambo jingine. Kwa hiyo wiki ya kwanza soma mpango wa mwaka huu mstari kwa mstari ukiwa na mhasibu na katibu wa afya, na uulize kwa kila mstari: fedha imefika? Imetumika? Risiti iko wapi? Pia elewa kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingi za vituo huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vyenyewe. Wapo wakuu wapya wanaojaribu kurudisha kila ununuzi ofisini kwao wakidhani wanadhibiti. Matokeo yake mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati anaacha kupanga, anakaa anasubiri simu.

Wiki ya pili na ya tatu, hakiki takwimu kwa mkono wako. Chagua vituo vitatu: hospitali, kituo cha afya kimoja na zahanati ya mbali, ile ambayo dereva anaguna ukiitaja. Chukua kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya), cha wazazi, uhesabu waliojifungua mwezi uliopita. Halafu tazama ripoti ya mwezi ya kituo, kisha namba iliyo kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Tuseme kitabu kina 84, ripoti ina 91, na mfumo una 19. Hiyo 19 ni 91 iliyogeuzwa na kidole kilichochoka. Inarekebishwa siku hiyohiyo. Lakini 91 dhidi ya 84 ina maana. Muulize mkunga kwa upole na mara nyingi utaambiwa saba walijifungulia njiani au nyumbani wakaja baadaye, naye akawajumlisha. Sasa umejua jambo ambalo ripoti ilikuficha: kuna kijiji ambacho wanawake hawafiki kwa wakati. Tofauti ya hadi asilimia 10 kati ya kitabu na ripoti kwa kawaida huvumilika. Ikizidi hapo, usifanye uamuzi wowote kwa namba hizo.

Chanjo inahitaji jicho la peke yake. Ukiona kiwango cha asilimia 118, usishangilie. Ama idadi ya watoto unayogawia ni ya makadirio yaliyopitwa na Sensa ya 2022, ama watoto wa halmashauri jirani wanachanjwa kwako. Tumia kipimo kisichohitaji makadirio: waliopata dozi ya kwanza ya pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano) toa waliopata ya tatu, gawanya kwa waliopata ya kwanza. Kama ni 410 na 340, wamepotea 70, yaani asilimia 17. Zaidi ya 10 ni tatizo la huduma: siku za chanjo zinabadilika, au dozi zinaisha, au mama alifukuzwa kwa kusahau kadi.

Ukiwa hapohapo fungua jokofu. Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na lisomwe asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Chati yenye 5, 5, 5, 5 kwa mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka, imejazwa siku moja. Alama ya kwenye kichupa inaonyesha chanjo iliyopata joto, haionyeshi iliyoganda. Pentavalenti, homa ya ini B na pepopunda zikiganda zinaharibika bila kubadilika sura ukizitazama zikiwa zimeyeyuka. Ukishuku, gandisha kichupa kimoja cha aina na toleo hilohilo makusudi, kiyeyushe, kitikise pamoja na unachokishuku, uviache mezani mpaka nusu saa. Kinachotulia na kuacha mashapo upesi kama kile ulichokigandisha hakifai mtoto yeyote.

Mwezi wa pili ingia kwenye ufuatiliaji wa magonjwa. Uliza wilaya imeripoti watoto wangapi waliopooza ghafla mwaka huu. Kiwango kinachotakiwa Afrika ni angalau wawili kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 15, hata pasipo polio, kwa kuwa kupooza ghafla kuna visababishi vingine vinavyotokea kila mwaka. Wilaya yenye watoto 150,000 inatakiwa kuleta watatu. Ikileta sifuri, haijatafuta. Februari 2022 Malawi ilitangaza polio ya virusi vya asili jijini Lilongwe, na nchi jirani, Tanzania ikiwemo, zikaingia kwenye kampeni za chanjo. Sampuli za kinyesi ni mbili, zilizopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze, kila moja kama gramu 8, zikisafiri katika nyuzi 2 hadi 8. Zinaharibikia wapi? Mara nyingi si maabara. Ni kwenye kituo cha basi, barafu ikiwa imeyeyuka kwa sababu sanduku liliwekwa Ijumaa jioni na hakuna aliyepangiwa kulipokea.

Kwa milipuko, jipime kwa 7-1-7: siku 7 kugundua, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kudhibiti. Ugonjwa wa Marburg uliotangazwa Kagera Machi 2023 ulianza machoni pa watu kama ugonjwa usiojulikana uliokuwa ukiua ndugu wa familia moja. Mfawidhi wa zahanati ndiye anayeona kwanza, basi hakikisha ana namba yako na haogopi kuipiga usiku.

Vifo vya akina mama utavipitia kila vinapotokea: taarifa ndani ya saa 24, mapitio ndani ya siku 7, bila kumtaja wala kumwadhibu mtumishi. Hapa miaka yako tisa ya wodini itakulipa. Mama amekufa kwa kifafa cha mimba: usiridhike na neno "alichelewa". Andika saa ubaoni. Aliingia saa ngapi? Presha ilipimwa saa ngapi? Dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, gramu 4 mshipani taratibu na gramu 5 kila tako, ilikamilika saa ngapi? Mara kwa mara pengo utalikuta kati ya presha na dawa, na ukiliuliza zaidi unakuta dawa ilikuwepo, ila kabati lilifungwa na mwenye funguo alikuwa nyumbani. Sanduku la dharura lililofungwa kwa utepe badala ya kufuli, likakaguliwa kila zamu, linamaliza jambo hilo kwa wiki moja. Na huhitaji fungu jipya la bajeti.

Usiache wodi kabisa. Siku moja kwa wiki, ileile, raundi ya asubuhi. Ukiiacha miezi sita, madaktari wako wataanza kukuletea ripoti tu, na mambo mengine utayasikia yakiwa yamekwisha kuharibika.

Mimi ni mhadhiri mwandamizi Nairobi na nimeombwa kuongoza programu ya kitaifa wizarani. Naogopa kupoteza uprofesa. Kuna aliyewahi kuvuka na kurudi?

Wapo. Profesa Miriam Were alifundisha afya ya jamii hapohapo Chuo Kikuu cha Nairobi, akaiwakilisha WHO Ethiopia, na baadaye akawa mwenyekiti wa baraza la taifa la kudhibiti UKIMWI Kenya. Francis Omaswa wa Uganda alitoka kwenye upasuaji wa moyo akawa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya nchini mwake. Jean-Jacques Muyembe wa Kongo ndiye tungependa umtazame kwa makini. Mwaka 1976 alikuwa anafundisha Kinshasa alipoitwa kwenda Yambuku, kwenye ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola. Alichota damu za wagonjwa bila glavu, akinawa kwa maji na sabuni. Mwaka 1995 alirudi kazini Kikwit kwenye mlipuko mwingine. Kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit ilitengenezwa kingamwili mAb114, ambayo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mlipuko wa Ebola wa Kivu na Ituri ulioanza Agosti 2018, na Julai 2019 Muyembe mwenyewe akapewa kuongoza mapambano yale. Swali la kisayansi alilolianza akiwa mwalimu hakuliacha alipokuwa kiongozi. Aliendelea nalo miaka zaidi ya 20.

Kwa upande wa makaratasi, usikubali kwa simu. Barua ya kuazimwa itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo utakachorudia, nani analipa mchango wa pensheni, na kama muda huo unahesabiwa kwenye kupanda cheo. Kabidhi wanafunzi wa uzamili kwa majina, na ubaki msimamizi mwenza wa wawili tu. Zaidi ya hapo wataumia. Endelea na kliniki moja kwa wiki ili leseni isilale na alama za mafunzo endelevu zipatikane.

Lugha nayo itabadilika. Chuoni unaruhusiwa kumalizia na "utafiti zaidi unahitajika". Waziri anataka uamuzi kabla ya saa kumi jioni. Zoea ukurasa mmoja: tunachokijua, tusichokijua, njia tatu na gharama ya kila moja, na dalili itakayotuonyesha mapema kwamba tumekosea. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, nasi tunaiona kuwa ya lazima.

Jihadhari pia na jina lako kwenye makala za walio chini yako. Ukiwa bosi, watakuweka mwandishi kwa heshima au kwa woga. Masharti yanajulikana: umechangia wazo, data au uchambuzi, umeandika au kuhariri kwa uzito, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kujibu kwa kazi yote. Likikosekana moja, waambie wakushukuru mwishoni mwa makala, inatosha.

Nilisoma udaktari Dar es Salaam, sasa niko Minneapolis na kazi yangu ni ya kuhudumia wazee. Naweza kuingia afya ya jamii hapa bila kurudia mafunzo ya hospitali?

Ndiyo, kwa sehemu. MPH haihitaji USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari Marekani. Tafuta chuo chenye ithibati ya CEPH, baraza linalokagua vyuo vya afya ya jamii; vingi hupokea maombi kupitia SOPHAS, mfumo wa pamoja wa mtandaoni, na vyeti vyako vitahitaji kutathminiwa na taasisi kama WES, inayolinganisha vyeti vya nje. Baada yake unaweza kufanya kazi ya epidemiolojia kwenye idara ya afya ya kaunti au jimbo, na Kiswahili chako ni sifa ya kazi, kiandike juu kwenye wasifu. Mlango unaobaki umefungwa ni nafasi zinazotaka leseni ya udaktari, zikiwemo baadhi za ukuu wa afya. Kwa hizo kwa kawaida utahitaji USMLE na mafunzo ya hospitali. Ubingwa wa tiba kinga wenyewe hutanguliwa na mwaka wa kliniki. Anza leo kuomba nakala rasmi za matokeo kutoka chuoni kwako Dar, zitumwe moja kwa moja kwa mtathmini zikiwa zimefungwa. Hilo ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote.